Kofi la Marehemu

Jalada lilipofika mezani kwa Bi Kwanini asubuhi ile, mkuu wa kituo alikuwa ameshalifunga zamani kichwani mwake. Alisimama mlangoni, kofia kwapani, na sura ya mtu aliyemaliza kazi na sasa anasubiri pongezi.

"Hili linakwenda mahakamani mchana huu," alisema. "Jaribio la kuua. Jana mkwe kamkalia baba mkwe kifuani, kamkandamiza mpaka mbavu zikavunjika na moyo ukasimama. Bahati yake mzee, hospitali iko ng'ambo ya barabara kutoka studio yake. Wauguzi walikimbia na mashine yao ya kushtua moyo, wakamrudisha. Shahidi yupo, kaona kwa macho yake. Wewe weka sahihi tu."

"Kwa nini amuue?"

Mkuu wa kituo alishusha pumzi. Jina la Bi Kwanini mpelelezi huyu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, tena si kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kelele, na hilo swali lake moja lilikuwa limeshawanyima usingizi watu wengi, nusu yao wakiwa polisi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkuu alisema. "Wakwe ni wakwe."

"Hiyo ni methali, mkuu. Si ushahidi."

"Mpaka mchana," mkuu alisema, akavaa kofia yake, akaenda zake.

Bi Kwanini akafungua jalada. Aliyeumizwa alikuwa mpiga picha mwenye studio yake, mtaa mzima ukimwita Mzee Tabasamu, kwa sababu miaka yote alikuwa akiwaamuru watu watabasamu na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyaona meno yake. Mtuhumiwa alikuwa mume wa binti yake wa pekee, mwalimu wa udereva. Chanzo cha ugomvi: mzee alikwenda kujifunza kuendesha gari kwa mkwe wake, na mkwe akamfelisha. Akarudi, akafelishwa tena. Hapo mzee akaapa mbele ya wateja kwamba binti yake anarudi nyumbani, maana hawezi kumwachia mtu asiyejua thamani ya mzazi.

Alisoma hapo mara mbili. Aliyefelishwa ni mzee. Aliyeapa ni mzee. Kama kulikuwa na mtu wa kukutwa amekaliwa kifuani, basi angekuwa mkwe.

"Koplo," aliita. "Niletee huyo mwalimu."

Koplo alikuwa mtu mnene, mpole, aliyebakiza muda mchache astaafu, na shabaha yake kubwa maishani ilikuwa kufika huko bila kuumia. Alimleta mwalimu, akamketisha, akashika kalamu. Mwalimu alikuwa mwembamba, shati limetoka kifungo kimoja, na kwenye shavu lake la kushoto alama za vidole vya mtu zilikuwa bado zinahesabika.

"Nani kakupiga kofi?"

"Baba mkwe."

"Kabla hajaanguka?"

"Baada, afande. Nilipokuwa namkandamiza kifua."

"Moyo ukiwa unapiga?"

"Ukiwa umesimama." Mwalimu alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikandamiza sakafu kwa nguvu. "Najua linavyosikika."

"Yaani marehemu kakuchapa kofi."

"Na akanitukana, afande. Akaniambia 'Toa mguu!'"

Koplo aliacha kuandika. Alimtazama Bi Kwanini kwa macho ya kuomba ruhusa ya kucheka, akanyimwa.

"Anza mwanzo," Bi Kwanini alisema. "Ulikwenda kufanya nini studio kwa mtu aliyeapa kukunyang'anya mke?"

"Kupigwa picha. Kibali changu cha kufundisha kinaisha, kinataka picha mpya. Mke wangu akasema nikienda kwa mpiga picha mwingine, baba atasikia, na hapo ndipo moto utakapowaka kweli. Nikaenda. Baba akaniketisha kwenye kiti, hakunisalimia. Akainama nyuma ya kamera. Akasema, 'Tabasamu, kama unajua.' Halafu akaanguka na kamera yake. Nikamwita, kimya. Nikasikiliza pumzi, hakuna. Nikaanza kukandamiza."

"Nani kakufundisha?"

"Walimu wa udereva tunalazimishwa kozi ya huduma ya kwanza. Tulifanyia mazoezi kwenye mwanasesere wa plastiki. Lakini yule mwanasesere hakuwahi kunipiga."

"Alipokwambia utoe mguu, kwa nini hukuacha?"

"Niliacha, afande!" Mwalimu aliinua mikono. "Niliacha. Akafa tena. Nikarudia, akafumbua macho akaanza kunisukuma. Nikaacha, akafa tena. Sasa ningefanya nini? Kazini kwangu nimezoea kupigiwa kelele na mtu ambaye maisha yake yako mikononi mwangu. Nikaendelea."

"Ulikuwa unasema chochote?"

Mwalimu aliona haya kidogo. "Maneno yangu ya kazini. 'Twende, baba, twende, usizime. Twende, twende, usizime.' Yananipa mdundo. Nayasema chinichini."

"Umemwambia nani hayo maneno?"

"Hakuna aliyeniuliza. Wale mafundi viatu wa jirani waliingia wakanikamata mikono, wauguzi wakaingia, polisi wakaingia. Kila mtu alikuwa akipiga kelele." Alijigusa shavu. "Afande, jela nitaivumilia. Lakini mke wangu yuko hospitali, kakaa kando ya kitanda cha baba yake. Ametuma neno moja tu, kwamba hajui amwamini nani. Hilo silivumilii. Shukrani ya punda ni mateke, sawa, nimezoea. Ila yeye si punda, ni mke wangu."

Alipoondolewa, koplo alifunga daftari. "Afande, huyu mwongo hata aibu hana. Maiti anatukana?"

"Mwongo hutunga uongo wa kuaminika, koplo. Huu haumdanganyi hata mtoto." Bi Kwanini alisimama, viatu vikalia. "Kuna swali moja tu hapa. Moyo ulisimama kwanza ndipo akakandamizwa, au alikandamizwa mpaka moyo ukasimama? Twende tukamwone shahidi."

Shahidi alikuwa dada wa Mzee Tabasamu, na kwa kuwa binti wa mzee alimwita shangazi, mtaa wote nao ulimwita Shangazi. Alikaa kaunta ya studio, akipokea wateja na kuwachambua. Alikuwa mwanamke mpana, na sauti yake, kwa maelezo ya wauguzi wenyewe, iliwafikia wodini madirisha yakiwa yamefungwa.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Bi Kwanini. "Umekuja kuniambia kafungwa miaka mingapi?"

"Nimekuja unionyeshe ulichokiona."

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kaunta, nyuma mahali pa kupigia picha: kiti cha duara, miavuli miwili ya taa, na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na ngazi zisizokwenda popote. Mlima wa pamba uliochorwa kando ulikusudiwa kuwa mawingu. Kamera ilikuwa imelazwa juu ya meza, mguu mmoja wa stendi yake umepinda.

"Hii imeguswa?"

"Niliiokota tu. Ni mali ya kaka."

"Picha ya mwisho imo?"

Shangazi alibonyeza kwa vidole vya mtu anayejua kazi, na kioo kidogo cha nyuma kikawaka. Picha ilikuwa imeinama vibaya, maporomoko yakimwagika kuelekea dari. Katikati alikuwa mwalimu, mdomo wazi, mikono imenyooshwa mbele.

"Aha!" Shangazi alipiga kelele, na koplo akaruka. "Ona! Ona anavyomrukia! Picha haisemi uongo!"

"Kweli, haisemi," Bi Kwanini alisema. "Shangazi, nionyeshe makalio yake yako wapi."

"Astaghafiru."

"Kwenye picha."

Shangazi alisogeza kioo karibu na pua. "Yako... kwenye kiti."

"Na picha imeinama kwa nini?"

Shangazi aliisogeza kamera kwenye mwanga. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mjinga, na alikuwa amekaa karibu na kamera nusu ya umri wake. "Kwa sababu stendi inaanguka," alisema taratibu.

"Nayo inaanguka kwa sababu kaka yako ameshaishika akienda chini, kidole bado kiko kwenye kitufe. Yule anayesemekana kamwangusha bado amekalia kiti chake, kule."

"Basi kaanguka mwenyewe!" Shangazi alirudi vitani. "Halafu huyo mkwe akaiona nafasi, akamkalia ammalize! Mimi hapo ndipo nilipofungua pazia. Niliyoyaona nimeyaona, hutanitoa hapo."

"Sitaki nikutoe. Nataka nikuweke hapohapo. Koplo, lala chini."

Koplo alitazama sakafu, akaitazama sare yake, akamtazama afande wake. Alijilaza mbele ya maporomoko kwa heshima ya mtu anayeingizwa kaburini.

"Wewe ni mkwe," Bi Kwanini alimwambia Shangazi. "Yeye ni kaka yako. Fanya alivyofanya. Usiongeze chumvi."

Shangazi alipiga magoti, akaweka mikono miwili katikati ya kifua cha koplo, akakandamiza. Koplo alitoa sauti.

"Hivi! Hivi! Hivi! Huku midomo inamcheza, ananuiza maneno. Nikajua na uchawi umo."

"Uliyasikia hayo maneno?"

"Ningeyasikiaje, na mimi napiga kelele?"

"Afande," koplo alisema kutoka chini, "naomba akandamize kidogokidogo."

"Na kaka yako alikuwa anafanya nini?"

"Anapigana! Anamsukuma mikono! Anasema 'Toa mguu! Toa mguu!' Akamchapa kofi, paa!"

"Koplo, mchape kofi."

"Afande, mimi nina mama."

"Basi fanya kama unamchapa."

Koplo alipunga mkono hewani. Bi Kwanini alichuchumaa kando yao, sauti yake sasa imekuwa ndogo. "Haya. Kapigwa kofi. Mkwe akafanya nini?"

"Akashtuka. Akanyanyua mikono, akajishika shavu, hivi."

"Mikono imetoka kifuani?"

"Imetoka."

"Na kaka yako, baada ya kuachiwa?"

"Akalegea. Macho yakageuka, mkono ukaanguka chini, pu! Mimi nikajua basi, kamuua."

"Halafu?"

"Halafu lile shetani likarudi! Likakandamiza upya!"

"Na kaka yako?"

"Akaanza tena kupigana. 'Toa mguu!' Ndipo nikatoka nje nikiita watu. Walipomvuta yule mkwe akatoka juu yake, kaka alikuwa amelala kimya kama gogo."

Koplo alikuwa akihesabu mbavu zake. Bi Kwanini alimwomba Shangazi arudie maelezo yale tangu kofi, akarudia vilevile. Akamwambia koplo aamke ayaandike, Shangazi akayasikiliza yakisomwa, akaweka sahihi kwa herufi kubwa.

"Nimesema kweli tupu," Shangazi alisema.

"Neno kwa neno," Bi Kwanini alisema. "Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Nje, wakivuka barabara kwenda hospitali, koplo alikuwa akichechemea bila sababu ya kitabibu.

"Umewahi kukabwa koo wewe, koplo?"

"Mara moja, afande. Harusini, na shemeji."

"Alipokaza ikawaje?"

"Nikaanza kulegea."

"Alipoachia?"

"Nikapata pumzi, nikampiga."

"Sasa sikiliza maelezo ya Shangazi. Akikandamizwa, mzee anapigana. Akiachiwa, analegea." Alisimama katikati ya barabara, na pikipiki ikampitia ikipiga honi. "Hili jambo limekaa kichwa chini, koplo. Mkono unaoua haufanyi hivyo. Na aliyelisema ni adui wa mtuhumiwa, ambaye hajakaa naye hata dakika moja kupanga maneno."

Daktari walimkuta ofisini, akinywa chai iliyopoa, miguu juu ya boksi la glavu. Bi Kwanini alimweleza yote bila kumtajia jina la mtu, kisha akauliza kama mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kupiga kofi.

Daktari alishusha miguu. "Anaweza. Mimi nimeshatukanwa matusi ya nguoni na mgonjwa ambaye kipimo kilionyesha moyo haupigi. Si jambo la kila siku, lakini lipo."

"Kwa nini?"

"Ubongo ni mlafi, afande. Unataka damu saa zote na hauweki akiba. Moyo ukisimama, damu haipandi tena kichwani, na kufumba na kufumbua mtu ameshapoteza fahamu. Sasa akitokea mtu akakandamiza kifua sawasawa, mikono yake inafanya kazi ya moyo. Damu inapanda. Si nyingi, ni chini sana ya ile ya kawaida, na wengi hawaamki hata hivyo. Ila ukianza papo hapo alipoanguka, na ukawa na mkono mzuri, mmoja mmoja huamka. Anafumbua macho, anasukuma, anasema. Moyo wake mwenyewe bado umelala. Ukiacha tu, naye anazimika."

"Na mbavu?"

"Mbavu huvunjika, hasa za wazee. Ukikandamiza kwa kubembeleza, utazika mtu mwenye mbavu nzuri."

Bi Kwanini alimkazia macho. "Mbona hamkutuambia?"

"Askari wenu walikuja wakauliza mbavu zimevunjwa na nini. Nikasema, na kukandamizwa kifua. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka." Daktari alikunywa chai yake baridi. "Hawakuuliza kwa nini."

Koplo aliutazama ukuta kwa makini.

"Mzee atapona?"

"Tangu jana jioni anajua jina lake, anamjua binti yake, ananilalamikia kuhusu godoro. Wengi waliosimama moyo hawarudi hivyo, afande. Wengine moyo unarudi ila mwenyewe harudi. Huyu ubongo wake haukupewa nafasi ya kufa. Tatizo ni kwamba umeamka na usingizi machoni, habari mpya haikai. Anauliza swali moja, anajibiwa, baada ya muda mfupi anauliza tena. Litapungua siku hadi siku. Ila chungeni, mapengo yake anayaziba kwa lolote analoambiwa."

"Nani anamwambia?"

"Shangazi mmoja. Anakuja kila saa ya kuona wagonjwa, sauti yake mnaijua."

Shangazi, kwa kweli, alikuwa ameshawatangulia. Alifunga studio na kukatiza kwa lango la nyuma, na walipoingia wodini walimkuta amekaa upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili alikaa binti wa mzee, macho yamevimba, mikono imebana mkoba mapajani. Katikati yao Mzee Tabasamu alikuwa ameegemezwa mito, nyaya zimemtoka kifuani, uso umekunjamana kama kawaida yake.

"Nani kanivunja mbavu?" aliuliza.

"Mkweo!" Shangazi alijibu.

"Yule? Nilijua!"

Bi Kwanini alinyanyua mkono. "Kuanzia sasa, atakayemjibu mzee namweka ndani. Na wewe, Shangazi."

"Mimi dada yake!"

"Selo ya wanawake ina nafasi."

Shangazi alifunga mdomo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama jambo lile la ajabu. Binti alimshika Bi Kwanini mkono. "Afande, kama baba anasema ni yeye, na shangazi kaona, mimi nifanyeje? Nimelala na huyo mtu miaka yote, hajawahi hata kumpigia paka kelele. Niambie tu kweli, hata ikiwa mbaya. Nimechoka kukaa katikati."

"Kaa kidogo tu," Bi Kwanini alisema, akamgeukia mzee. Alivuta kiti, akakaa, akauliza polepole kama mtu mwenye siku nzima. "Mzee, usiniambie walichokwambia. Niambie wewe mwenyewe unakumbuka nini."

Mzee alifikiri. Ule uso wa hasira ulilegea kidogo, ukawa wa mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Nilikuwa naendesha gari," alisema.

"Baba, hukuwa..." binti alianza, na kidole cha Bi Kwanini kikamnyamazisha.

"Naendesha, na yule mkwe kakaa kando. Naendesha vizuri tu. Halafu gari likazima, giza. Nikasikia anasema, 'Twende, baba, twende, usizime.' Gari likawaka, nikamwona usoni, karibu hivi. Nikaona kakanyaga breki ya upande wake. Mchezo wake ndio huo siku zote! Ananikanyagia breki kwa siri, kisha anasema sijui kuendesha. Nikamwambia atoe mguu. Hakutoa. Nikamchapa. Gari likazima tena, giza. 'Twende, baba, twende, usizime.' Likawaka tena." Alikunja uso. "Msumbufu yule. Likizima, ananiwasha. Likizima, ananiwasha. Hakuniacha nikapumzika."

Koplo alikuwa ameshafungua daftari lake la asubuhi. Alimwonyesha Bi Kwanini mstari wenyewe kwa kidole. Bi Kwanini alimgeukia Shangazi.

"Ulimwambia kaka yako hayo maneno? Twende, usizime?"

"Mimi?" Shangazi alikuwa ameduwaa. "Nimekwambia, mimi niliona midomo tu. Sikusikia kitu." Alimtazama kaka yake, akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umekandamiza kifua cha koplo muda si mrefu, na mambo yalianza kumpangika kichwani moja moja. "Alipoachiwa ndipo alipolegea," alisema. "Mama yangu wee. Na mimi ndiye niliyeita watu wakamvuta."

"Na ndiye uliyewaita wauguzi," daktari alisema kutoka mlangoni. "Tuliacha chakula mezani tukidhani jengo limeanguka. Mikono ya mkwe ilimshikilia, mashine ikaupigisha moyo, lakini mashine ililetwa na sauti yako."

Shangazi alijifunika uso kwa kanga yake na kulia kwa nguvu, na wodi nzima ikajua.

Bi Kwanini alitoka hadi kwenye korido akampigia simu mkuu wa kituo. Mkuu alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake.

"Kwa hiyo niandike nini?" aliuliza. "Kwamba marehemu alikuwa anajifunza gari?"

"Andika kwamba shahidi wako alisema kweli tupu, na kweli yake imemtoa mtuhumiwa. Picha inaonyesha nani alianguka kwanza. Daktari atatoa maelezo. Mzee mwenyewe ametaja maneno yaliyosemwa na mtuhumiwa peke yake, na koplo alikuwa ameshayaandika asubuhi. Umbali wa kumpeleka mahakamani ni uleule wa kumleta hospitali, mkuu. Mlete huku."

"Kwa nini nimlete huko?"

"Hatimaye, mkuu," Bi Kwanini alisema, "umeuliza."

Mwalimu aliletwa bila pingu, shati lake bado halina kifungo. Alisimama mlangoni mwa wodi asijue pa kuweka mikono. Mke wake aliinuka, mkoba ukaanguka, lipustiki ikabingirika mpaka chini ya kitanda cha jirani na hakuna aliyejali. Alimfikia mumewe akamgusa lile shavu lenye alama.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuwa na shaka. Nimeona aibu mpaka nimekosa pa kuiweka."

"Hata mimi ningekuwa na shaka," mwalimu alisema. "Nilikuwa nimemkalia baba yako."

Kutoka kitandani sauti ikatoka, kavu, ya kuamrisha. "Nani kanivunja mbavu?"

Shangazi alifungua mdomo, akamtazama Bi Kwanini, akaufunga. Mwalimu alisogea karibu. Bi Kwanini aliutazama mguu wake wa kulia, na safari hii ulikuwa umetulia.

"Mimi, baba."

"Wewe?"

"Mimi. Moyo ulikuwa umezima. Nikakuwasha."

Mzee alimtazama muda mrefu. Kitu fulani kilikuwa kikitembea nyuma ya paji lile la uso, taratibu, kama gari la mwanafunzi. "Nilikuwa naendesha," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Nikafika mpaka huku."

"Umefika."

"Basi nimefaulu?"

Wodi nzima ilisubiri. Binti alimtazama mumewe kwa macho yanayoomba neno moja dogo, Shangazi alitikisa kichwa juu chini kumwonyesha jibu, na hata koplo, mtu wa sheria, alinong'ona, "Sema ndiyo tu, ndugu yangu." Mguu wa kulia wa mwalimu ulikandamiza sakafu mpaka kiatu kikalia.

"Hapana, baba," alisema. "Ulizimisha gari. Na ulimpiga mwalimu kofi."

Pembe moja ya mdomo wa mzee ikasogea. Ikafuata ya pili. Midomo ikaachana, na mbele ya dada yake, binti yake na polisi wawili, Mzee Tabasamu akaonyesha meno, madogo, yaliyopangika vizuri, ambayo alikuwa ameyaficha bila sababu yoyote umri wake wote. Akacheka. Kicheko kikamfika kwenye mbavu, akajishika kifua, akapiga yowe.

"Aii! Mbavu zangu! Nani kanivunja mbavu?"

Mwalimu alivuta kiti karibu na kitanda, akakaa, akaushika mkono ule uliompiga.

"Mimi, baba," alisema.